Habari ya Mwana wa Mwenzio ni Amana

Mtu akitaka kuujua mji wa Mombasa, asianzie ngomeni wala sokoni. Na aende Feri saa kumi na mbili za asubuhi, asimame juu ya mteremko, atazame watu wanavyomiminika kutoka upande wa Likoni. Atawaona makarani na mafundi, wauza samaki na wauza mihogo, akina mama na vikapu vyao, na watoto wa shule ambao mashati yao yamekwisha kuloa jasho kabla jua halijapanda. Waendao kwa miguu hawalipi kitu. Kila mtu huvuka na lake moyoni.

Mimi ninakaa upande huu wa kisiwani, si mbali na hapo. Kwa miaka mingi desturi yangu imekuwa kuketi Feri baada ya swala ya Alasiri, kwenye benchi la muuza madafu, nikazungumza na wapitao. Habari nyingi nilizowaandikia wasomaji nilizipata pale. Hii ya leo nayo ni ya pale, ila tofauti yake ni kwamba mkosa ndani yake ni mimi mwenyewe.

Nimeikalia habari hii miaka miwili. Ninaitoa sasa kwa sababu kila mwaka msimu wa fomu za shule hurudi, na sitaki mzazi mwenzangu afanye nilivyofanya.

BAHASHA MBILI

Mwaka wa juzi binti yangu alikuwa gredi ya sita katika shule moja ya serikali hapa kisiwani. Siku moja mwalimu wake aliniita. Nilikwenda na hofu, kama ilivyo ada ya mzazi yeyote aitwaye shuleni, kumbe habari ilikuwa ya kheri. Alinieleza kwamba shule moja ya bweni yenye sifa kubwa ilikuwa ikitafuta watoto wenye vipawa kutoka shule za serikali. Atakayechaguliwa angesomeshwa kwa msaada, na mzazi angetoa kile tu anachokiweza. Shule yetu iliruhusiwa kupendekeza watoto wawili. Walimu walikaa, wakakubaliana: binti yangu, na mvulana mmoja wa darasa lake ambaye huvuka feri kila siku kutoka Likoni.

Mwalimu akatoa bahasha mbili mezani.

"Hii yako, mzee," akaniambia. "Na hii ni ya babake yule kijana. Kwa simu hapatikani, na mtoto nimemtuma mara mbili amwite, lakini mwenyewe hutoka alfajiri na kurudi usiku. Nasikia kazi yake ni hapo Feri, na wewe hukosi pale. Tafadhali mfikishie kwa mkono wako na umweleze. Mtoto sitaki kumpa karatasi hizi, zikianguka majini sina nyingine. Siku ya mwisho ni wiki tatu kutoka leo."

Nikazipokea zote mbili, nikasema, "Inshallah, mwalimu, zitafika."

Neno nililolisema ni hilo. Msomaji, ulikumbuke.

KIJANA WA MAJI KUPWA

Baba wa yule mvulana nilimjua vizuri. Ni msukuma mkokoteni. Huchukua magunia ya viazi, makreti ya soda na mbao, akayavusha kutoka upande huu mpaka ule. Kazi hiyo haina mzaha. Maji yakijaa, mkokoteni huingia na kutoka feri bila taabu kubwa. Yakipwa, mteremko huwa mrefu na mkali, na mtu mmoja hawezi kuupandisha mzigo mzito peke yake. Hana budi kumwita mwenzake amsaidie, na fedha wagawane.

Sisi watu wa pwani tunajua kwamba bahari ina zamu zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja na bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Wavuvi wanalijua hilo na wanaoishi kando ya maji wanalijua. Lakini wengi wetu tunalijua kwa kuambiwa na wazee.

Yule mvulana hakuambiwa. Nyumbani kwao ukutani kulikuwa na kalenda ya nyakati za swala, zile zinazotolewa na misikiti. Kando ya nyakati za swala alianza kuandika kwa penseli saa aliyoona maji yamepwa kabisa wakati wa kwenda shule au wa kurudi. Baada ya miezi michache akaona mwendo wake. Akawa anaweza kujaza siku ambazo bado hazijafika. Kisha akamwuliza maalim wake wa chuoni kwa nini maji hushuka zaidi katika tarehe fulani za mwezi wa Kiislamu kuliko nyingine.

Habari hii alinipa babake mwenyewe, pale kwenye benchi, akicheka kwa fahari. "Huniambia, baba, kesho kiasi cha saa nne usichukue mzigo mzito, maji yatakuwa chini kabisa. Nami nikimfuata, najikuta nimepumzika wakati wenzangu wanavunjika migongo."

Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili.

SWALI LA UKURASA WA TATU

Usiku ule niliifungua bahasha yangu. Fomu ilikuwa na kurasa nyingi. Walitaka jina na cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mitihani, maneno ya mwalimu, na hesabu ya mapato ya mzazi. Hapo kwenye mapato, mkono wangu ulitaka kuandika kidogo kuliko ninachopata. Mamake mtoto akaniona nikisita. "Andika kweli," akasema. "Mtoto aliyeombewa shule kwa uwongo ataisoma vipi kwa baraka?" Nikaandika kweli.

Yeye naye alikuwa na wasiwasi wake. Mtoto wa kike, akalale bweni, ataswali wapi, Ramadhani atafuturu vipi, stara yake itaangaliwa na nani? Maswali hayo si ya kubeza, na mzazi asione haya kuyauliza. Tuliyaandika kwenye karatasi ya kando, na baadaye tuliyauliza ana kwa ana, tukajibiwa vizuri.

Lakini swali lililotushinda lilikuwa katika ukurasa wa tatu. Liliuliza: mtoto wako ana kipawa gani, na umekitambuaje? Mistari kumi mitupu ilitungoja.

Mimi nikaandika mara moja kwamba binti yangu hushika nambari ya kwanza au ya pili darasani. Mamake akasoma, akatikisa kichwa. "Hiyo ni nambari," akasema. "Wao wamemwuliza mtoto."

Nikaiweka kalamu chini, na kwa muda wa siku tatu nikawa ninamtazama mwanangu kama mtu aliyefika nyumbani jana. Ndipo nilipoona jambo ambalo lilikuwa likipita mbele yangu kila siku. Nyanyake ni mtu wa Lamu, na alikuwa amekuja kukaa nasi. Binti yangu hakubanduka kwake. Akisikia nyanyake anasema "moya", yeye huuliza, "Nyanya, ni moja?" Akisikia "kuya" huuliza, "Ni kuja?" Siku ya pili alikuja kuniambia kwamba kila tunapotia jei, nyanya hutia yei. Siku ya tatu akaja amenuna, kwa kuwa nyanyake alisema "ina" na si "yina" kwa jina, na kanuni yake ikaharibika. Alitaka kujua imekwenda wapi ile herufi. Sikuwa na jibu.

Basi hayo ndiyo niliyoyaandika katika ile mistari kumi, na nilipomaliza nilihisi kwamba fomu ile, hata isiponipatia shule, imenipatia mwanangu.

Na papo hapo nikaikumbuka ile kalenda ya Likoni. Moyo ukaninong'oneza kwamba wakubwa wa ile shule wakiziweka fomu mbili hizi pamoja, na nafasi ikawa moja, wataichukua ile nyingine.

SIKU TISA

Bahasha ya pili ilikuwa nyuma ya vitabu vyangu vya dini, juu ya kabati. Siku ya kwanza nilisema nimechoka. Siku ya pili mvua ilinyesha. Siku ya tatu nilimwona yule baba Feri, tukaamkiana, nikamwuliza hali yake na ya watoto, naye akaniuliza yangu. Alikuwa akipandisha magunia, jasho linamtoka. Nikajiambia kwamba si vizuri kumsimamisha mtu kazini.

Siku ya nne na ya tano nilisema kesho. Siku ya sita nilikuwa na hoja nzuri zaidi: masikini wa Mungu, nimtie tamaa bure ya nini, mtoto akikosa si atavunjika moyo? Ajabu ni kwamba hoja hiyo sikuitumia kwa mtoto wangu. Siku ya saba na ya nane sikwenda Feri kabisa. Nilikunywa dafu langu mahali pengine.

Wala sikuwahi kusema moyoni mwangu, "Nitamnyima." Neno hilo mtu hajiambii. Hujiambia kesho.

Siku ya tisa binti yangu aliporudi kutoka shule alisimama mlangoni. "Baba," akasema, "yule kijana ameniuliza fomu yangu niliijaza vipi. Mwalimu alimwambia yake iko kwa babake, na babake hajaiona. Kwani ilipotea?"

Nikatazama kabati. Naye akatazama nilipotazama. Hakusema neno.

CHETI

Jioni ile ile nilikwenda. Nilimkuta amekaa juu ya mkokoteni wake mtupu. Nikamwambia kwamba nilipewa bahasha, na kwamba nilichelewa. Sikumwambia kwa nini. Alijifuta mikono kwenye shuka yake mara mbili kabla ya kuipokea. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, nikaketi nikamsomea yote, na ile mistari kumi ya ukurasa wa tatu tukaijaza pamoja. Hakusita hata kidogo. Alichokieleza juu ya mwanawe kilijaa ukurasa, tukaongeza karatasi.

Kisha tukafika kwenye cheti cha kuzaliwa.

"Hana," akasema. "Alizaliwa kwetu Kwale, nyumbani kwa bibi yake. Kadi ya kliniki iko."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Aliacha kazi, na kwa msukuma mkokoteni kuacha kazi siku moja maana yake ni kukosa chakula cha siku moja. Alikwenda kijijini kwa mzee wa mtaa na kwa chifu, akarudi na barua. Kumbe barua ilihitaji kitambulisho cha mamake mtoto pia. Akaenda tena. Nami nilifuatana naye kila nilipoweza, nikalipa nauli, nikasimama kwenye foleni, nikajaza makaratasi. Maofisa waliotuhudumia hawakutufanyia ubaya. Usajili wa aliyechelewa una hatua zake, na kila hatua ina siku zake.

Siku ya mwisho ilipofika tuliipeleka fomu bila cheti, pamoja na barua ya kuomba radhi. Ilirudishwa kwa upole kwamba haijatimia. Cheti kilitoka siku ya pili baada ya mlango kufungwa.

Siku mbili. Nami nilikuwa nimeilalia bahasha siku tisa. Hesabu hiyo haihitaji mtoto mwenye kipawa.

ALIYEKATALIWA NA MAKERERE

Binti yangu aliitwa kufanya mtihani, akaitwa tena kuhojiwa. Wakaja hata nyumbani kututazama tunavyoishi, wakanywa chai, wakazungumza na nyanyake. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua. Ilishukuru, ikasifu, na ikasema kwamba hakuchaguliwa.

Alilia siku mbili. Siku ya tatu nilimshika mkono, tukatembea mpaka karibu na Fort Jesus, palipo makaburi ya akina Mazrui. Nilimwonyesha alipozikwa Profesa Ali Mazrui mwezi wa Oktoba mwaka 2014, nikamsimulia habari zake.

Profesa Mazrui alizaliwa papa hapa Mombasa mwaka 1933. Babake alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, mtu aliyetoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah miaka ya 1930 akiwahimiza Waislamu wa pwani waamke, wasome ya dini na ya dunia. Sheikh alifariki mwaka 1947, mwanawe akiwa na miaka kumi na minne. Na kijana huyu wa nyumba ya ilimu alipofanya mtihani wake wa Cambridge, alipata daraja ya tatu. Makerere, ambacho ndicho kilichokuwa chuo kikuu pekee cha Afrika Mashariki wakati ule, hakikumchukua. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo majengo yake leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Mwenyewe alipata kusimulia kwamba mlango wake ulifunguliwa na hotuba. Palifanywa sherehe ya Maulidi, naye karani kijana akapewa nafasi ya kuzungumza, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Gavana Sir Philip Mitchell. Gavana alivutiwa, akataka kujua kijana huyu ni nani na kwa nini hasomi. Mambo yakaanzia hapo. Mwaka 1955 Mazrui alikwenda Uingereza kwa msaada wa masomo, akamalizia sekondari Huddersfield, akapata shahada ya Manchester mwaka 1960, ya Columbia huko Marekani mwaka 1961, na udaktari wa Oxford mwaka 1966. Na Makerere kile kile kilichomkataa kilikuja kumpa uprofesa.

Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia.

"Na kama Gavana hangekuwapo siku ile?"

Nikamwambia Mungu angemletea sababu nyingine. Jibu hilo ni sahihi, lakini nilijua ananiuliza nini. Hata kipawa cha Ali Mazrui kilihitaji mtu aliyekisikia, akainuka, akasema: kijana huyu asiachwe. Na mimi nilikisikia cha mwana wa mwenzangu, nikanyamaza siku tisa.

NILIVYOMWAMBIA

Nilikwenda Feri jioni ile. Maji yalikuwa yamejaa na kazi ilikuwa nyingi, nikangoja mpaka Magharibi. Tuliswali, tukatoka pamoja, nikamwambia yote: siku ya kwanza, ya mvua, ya magunia, na ile niliyokwenda kunywa dafu mahali pengine.

Alinyamaza muda mrefu. Feri moja ilitia nanga, ikashusha watu, ikaondoka.

"Riziki ya mwanangu hukuishika wewe, ndugu yangu," akasema mwisho. "Iko kwa Mungu. Huenda hata angekosa, kama alivyokosa binti yako. Lakini zile siku tisa zilikuwa zake."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi, akanipa. Wala hakuacha kuniamkia tangu siku ile, na kila akiniamkia mimi nazihesabu.

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tunalalamika sana, na aghalabu tunalalamika kwa haki, kwamba nafasi nzuri zikitangazwa hutufikia zimekwisha. Lakini tujiulize pia sisi wenyewe kwa wenyewe habari tunazipitishaje. Ya harusi hufika mtaa wa pili kabla ya Isha. Ya msiba hufika Lamu na Maskati siku ile ile. Ya fomu ya shule tunaificha chini ya mto, tukiogopa mwana wa jirani asimpite wetu. Na tulifunzwa tangu chuoni kumtakia ndugu yako ile kheri uitakayo nafsi yako. Nadhani wengi wetu tunaitekeleza kwa sahani ya pilau. Kwa fomu ya shule tunashindwa.

MILANGO ILIYOPO

Basi nami nisitoe ungamo nikanyima habari mara ya pili. Hii ni baadhi ya milango ambayo mzazi wa mtoto mwerevu asiyejiweza aijue na kuiulizia mapema.

Hapa kisiwani, mtaa wa Kizingo, si mbali na Feri, ipo Aga Khan Academy iliyofunguliwa mwaka 2003. Ni shule ya gharama kubwa, na wazazi wengi huupita ukuta wake wakidhani haiwahusu. Lakini ina mpango wa kutafuta watoto wenye vipawa katika shule za msingi za serikali za Pwani na kuwasaidia karo. Kule Thika ipo M-Pesa Foundation Academy iliyofunguliwa mwaka 2016, inayochukua watoto wenye vipawa wasio na uwezo kutoka kaunti zote 47. Nairobi ipo Starehe, iliyoanzishwa na Geoffrey Griffin na wenzake mwaka 1959, ambayo imewatoa vijana wengi mikononi mwa umasikini. Na kwa karo ya sekondari, Benki ya Equity kupitia wakfu wake ilianzisha mwaka 2010 mpango uitwao Wings to Fly, ambao habari zake huulizwa katika matawi ya benki hiyo.

Mashariti ya kila mlango hubadilika, hasa sasa ambapo mtihani wa KCPE, uliodumu tangu mwaka 1985 hadi 2023, umeondoka na mtaala mpya umeingia. Kwa hiyo mzazi asitegemee alichoambiwa na mzazi wa miaka mitano iliyopita. Aende akaulize. Kuuliza si ujinga.

Lakini yako mambo yasiyobadilika. Karibu kila mmoja wao atataka cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule na maneno ya mwalimu. Wengi watataka kujua mapato yako na ushahidi wake, watamhoji mtoto, wengine watakuja hata nyumbani. Cheti usikingoje fomu. Kikate mtoto angali mdogo, na kama hana, anza kesho asubuhi. Makaratasi yote yatie katika mfuko mmoja wa plastiki, pamoja na nakala zake, na kila mtu wa nyumbani ajue mfuko uko wapi.

Na mtazame mtoto wako kabla fomu haijakuuliza. Usitazame nambari peke yake. Tazama anachokifanya wakati hakuna aliyemtuma. Sera ya serikali ya mwaka 2009 juu ya elimu ya mahitaji maalumu iliwahesabu watoto wenye vipawa kuwa nao wana haja ya kuangaliwa kwa namna yao. Lakini hakuna sera itakayokuja Likoni kusoma penseli kwenye kalenda ya msikiti. Hilo litafanywa na mzazi, au mwalimu, au jirani.

UBAO WA CHUONI

Hapa mtaani kwetu tumefanya jambo dogo. Chuoni kwa watoto, karibu na mlango, maalim alituruhusu kutundika ubao. Mtu yeyote akisikia habari ya shule, ya msaada wa karo au ya mtihani, huiandika pale siku ile ile aliyoisikia, na siku ya mwisho huiandika kwa wino mwekundu. Ijumaa baada ya swala sisi wazee wawili watatu tunaojua Kiingereza hukaa barazani, na anayetaka kusomewa fomu husomewa. Hatuchukui kitu. Mpaka sasa tumesaidia kupata vyeti vya watoto kadhaa, na mmoja amekwisha kupata msaada wa karo. Huyo babake muuza mihogo.

Kijana wa Likoni yuko gredi ya nane sasa, bado anavuka feri kila asubuhi pamoja na maelfu ya wengine. Ile kalenda ya zamani ilikwisha, wakapewa mpya, na mpya nayo imejaa penseli. Mwakani atakuwa gredi ya tisa na fomu za sekondari ya juu zitaanza. Cheti chake kiko tayari. Babake amekitia katika mfuko wa plastiki, akaufunga kwa kamba ya mkokoteni.

Binti yangu ndiye mwandishi wa ubao. Hati yake ni nzuri kuliko yangu, na hakawii. Juzi nilimletea habari moja niliyoisikia Feri, nikamwambia aiandike kesho akipata nafasi.

Akachukua chaki, akavaa viatu. "La, baba," akasema. "Leo."